Kaharabu au sandarusi? Uchague kipande kipi ukitaka kujifunza kuwatambua nzi wa kale

Nzi husomwa bawani. Naanza na hilo kwa kuwa wengi wanaoniuliza wanunue kaharabu ya wapi hutanguliza umri: ipi ni ya kale zaidi? Nami huwarudishia swali: bawa linaonekana? Kipande cha miaka milioni 99 ambacho nzi wake kajikunja, mabawa yamegandamana mgongoni, hakikufundishi kitu. Kipande cha sandarusi cha miaka mia mbili tatu tu, chenye usubi aliyelala chali na mabawa wazi, kitakufikisha kwenye familia yake kabla chai haijapoa.

Tutenganishe majina kwanza, maana hapa watu huchanganya. Kaharabu ni utomvu wa miti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka ukakauka na kukomaa hadi kuwa kama jiwe jepesi. Ambari ni kitu kingine kabisa: hutoka tumboni mwa nyangumi, huokotwa ufukweni, na hakuna nzi wa kisukuku ndani yake. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji na wa Madagaska. Ni ndugu mdogo wa kaharabu: umeganda lakini haujakomaa. Mwaka 2020 watafiti walipendekeza mipaka inayosaidia: utomvu ulioganda kati ya miaka milioni 2.58 iliyopita na mwaka 1760 uitwe kopali, yaani sandarusi kwa maana pana, na wa baada ya 1760 uhesabiwe kuwa utomvu wa zama zetu hizi za viumbe kutoweka. Kwa hiyo sandarusi nyingi za sokoni, kwa kipimo hicho, hata jina la kopali hazistahili. Hilo lisikukatishe tamaa. Nitaeleza kwa nini.

Nalinganisha aina nne ambazo mwanafunzi au mwalimu wa biolojia anaweza kukutana nazo: sandarusi ya kwetu, kaharabu ya Baltiki, ya Jamhuri ya Dominika, na ya Myanmar. Sitazigawia nafasi sawa, kwa sababu hazistahili nafasi sawa.

Unachotafuta ndani

Mbu, usubi, mbung'o, nzi wa jikoni: wote ni kundi moja, Diptera, wenye mabawa mawili. Jozi ya nyuma imesinyaa ikabaki vifimbo viwili vyenye vichwa kama vya pini, vinavyomsaidia mdudu kujisawazisha akiruka. Ukiviona vifimbo hivyo umeshajua huyo si nyigu, si mchwa mwenye mabawa, si nondo mdogo.

Kisha tazama vipapasio. Virefu, vyenye pingili nyingi kama shanga zilizotungwa: uko upande wa mbu na usubi. Vifupi, vyenye pingili chache na mara nyingi unywele mmoja umechomoza: uko upande wa nzi tunaowafukuza mezani. Baada ya hapo kazi yote ni bawa. Wataalamu wamezipa herufi njia za mishipa yake, C ukingoni mwa mbele, halafu Sc, R, M na Cu kuelekea nyuma, na herufi hizo ni zilezile kwa nzi wa leo na wa miaka milioni 40 iliyopita. Ukilichora bawa kwenye karatasi, kila mshipa na pale unapogawanyika, umeshapata karibu kila kitu ambacho ufunguo wa utambuzi, ile orodha ya maswali ya hatua kwa hatua, utakuuliza. Vinavyobaki huwa ni nywele za mgongoni, miiba ya miguuni, na kwa spishi, viungo vya uzazi vya dume vilivyo ncha ya tumbo.

Kwa hiyo swali la kila aina ya kaharabu ni moja: inakuonyesha hayo au inakuficha?

Sandarusi

Karne ya 19 sandarusi ilikuwa mali. Ilichimbwa Mrima, ikapita Unguja, ikapelekwa hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Wafanyabiashara waliitenga ile ya kuchimbwa, yenye ngozi ya vipele kama bata aliyenyonyolewa, na ile mbichi ya kutoka mtini ambayo waliiita chakazi. Vinywani mwa Waingereza chakazi likageuka "jackass", yaani punda dume, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa kwenye vitabu vyao vya biashara. Kilichokuwa uchafu kwa mwenye kiwanda cha vanishi, yule mdudu katikati, ndicho tunachokitaka sisi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Fernand Meunier, mtaalamu wa wadudu wa kisukuku, alishaanza kuandika kuhusu nzi wa ndani ya kopali.

Faida yake kubwa ni uwazi. Kipande kizuri cha sandarusi ni cha manjano hafifu, karibu kama kioo cha taa ya chemli kilichopata moshi kidogo, na nzi aliyemo hajabanwa na uzito wa ardhi kwa mamilioni ya miaka. Nywele zinaonekana, na mara nyingine hata vijiwe vya jicho unavihesabu. Faida ya pili ni kwamba waliomo ni wadudu wa misitu ya leo, au ya jana tu. Ukikosea utambuzi unaweza kukosolewa: tega karatasi ya gundi ya manjano kwenye shina, kesho uwe na nzi hai wa kulinganisha. Hilo limefanywa kwa uzito wake huko Madagaska. Katika utafiti uliochapishwa 2018, wanasayansi walilinganisha wadudu walionaswa na utomvu wa msandarusi na wale walionaswa na mitego msituni. Utomvu ulifanana zaidi na mitego ya gundi kuliko na mitego ya hema ya wadudu warukao. Maana yake, utomvu hauandiki msitu mzima. Unaandika waliokuwa wakizurura karibu na shina. Jambo hilo ni la kukumbuka kila unapoona mtu akisema kaharabu fulani "inaonyesha nzi wote wa enzi ile".

Kasoro ya sandarusi ni ulaini. Mwaka wangu wa kwanza nilikipangusa kipande kwa spiriti kama nilivyokuwa nikisafisha vioo vya maabara. Sehemu niliyogusa ikawa inanata, ikashika nyuzi za kitambaa, ikafanya ukungu, na nzi wangu akawa kama mtu anayeonekana nyuma ya dirisha la bafuni. Nilikisugua upya kwa msasa wiki nzima. Sandarusi haipendi spiriti, haipendi asetoni, haipendi joto, na ikikaa miaka kadhaa wazi hupasukapasuka juu kama tope lililokauka. Ihifadhi gizani, mahali pa baridi, ndani ya mfuko uliofungwa.

Kasoro ya pili ni ya kisayansi: usitangaze "spishi mpya ya kale" kutoka sandarusi kabla umri haujapimwa. Vipande vingi vya Madagaska vilivyopimwa kwa kaboni 14 vimeonekana kuwa vya miaka mia chache tu, na vingine makumi. Spishi unayoidhania imetoweka huenda iko kichakani nyuma ya nyumba ya jirani.

Kwa kujifunza, hata hivyo, mimi namwambia kila anayeanza akiwa Afrika Mashariki aanze hapa.

Kaharabu ya Baltiki

Hii ndiyo iliyosomwa kuliko zote. Nyingi hutoka rasi ya Sambia, eneo la Kaliningrad nchini Urusi, na ni ya enzi ya Eosini, kati ya miaka milioni 34 na 48 hivi. Nzi na jamaa zao ni karibu nusu ya wadudu wote waliomo. Hilo lina maana kwa mfuko wako: ukinunua kifurushi cha vipande vidogo ambavyo havijachaguliwa, huwezi kukosa Diptera.

Inawafaa wanaojifunza kwa sababu ya maandishi. Hermann Loew, mtaalamu wa nzi wa Kijerumani, aliandika kuhusu nzi wa kaharabu hii mwaka 1850. Meunier akafuata. Charles Alexander, bingwa wa wale wadudu wa miguu mirefu wanaofanana na mbu wakubwa, alishughulikia wa Baltiki mwaka 1931. Na Willi Hennig, yuleyule aliyeufundisha ulimwengu kupanga viumbe kwa nasaba yao, alitumia miaka yake ya Stuttgart akichora nzi wa kaharabu kwa kalamu. Michoro yake ya mabawa bado ndiyo ninayoiweka mezani. Familia nyingi za Baltiki ziko hai leo, na jenasi nyingi pia, hivyo ufunguo wa nzi wa kisasa utakufikisha mbali kabla haujakwama.

Kasoro yake wenyewe huiita ukungu, na ni ukungu kweli: tabaka jeupe kama maziwa linalomfunika mdudu, mara nyingi upande mmoja tu. Linatokana na unyevu na gesi zilizotoka mwilini mwake alipokuwa akioza ndani ya utomvu. Muujiza ni huo "upande mmoja". Nimewahi kuwa na nzi wa miguu mirefu, Dolichopodidae, ambaye upande wa kushoto alikuwa bonge la pamba. Nilipomgeuza, upande wa kulia ukatoka kijani cha shaba kinachong'aa, na bawa zima. Kabla hujakikataa kipande cha Baltiki, kigeuze.

Utaona pia vinywele vidogo vyenye umbo la nyota vimetapakaa. Ni vya miti ya jamii ya mwaloni, na vikiwepo vinakupa imani kwamba kipande ni cha Baltiki kweli. Jihadhari na vile vilivyojaa vidoto vya duara vinavyometameta kama magamba ya samaki. Hivyo vimepashwa moto kwa shinikizo kubwa ili ving'are dukani, na mdudu wa ndani mara nyingi ameungua akawa kivuli cheusi. Pete nzuri, somo baya.

Ya Dominika, kwa ufupi

Umri wake ni miaka milioni 15 hadi 20, enzi ya Miosini, na kwa uwazi inaipita ya Baltiki mbali: ukungu ni nadra, mabawa safi. Bei nayo ni ya uwazi huo. Kinachonivutia ni nasaba ya mti. Mwaka 1991 George Poinar, mtafiti wa kaharabu, aliupa jina Hymenaea protera mti uliotoa kaharabu hiyo, mti uliotoweka, akaonyesha kwamba jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai si wa Karibi wala Amerika Kusini bali ni Hymenaea verrucosa. Msandarusi wetu. Kwa hiyo ukiwa na sandarusi ya pwani na kaharabu ya Dominika mezani una mitego miwili ya ukoo mmoja wa miti, mmoja wa juzi, mmoja wa miaka milioni kumi na kitu, katika pande mbili za bahari. Kama unapanga somo la kulinganisha misitu ya kitropiki, hakuna jozi bora. Kama unataka tu kujifunza kutambua familia, okoa pesa zako.

Ya Myanmar

Kaharabu ya bonde la Hukawng, jimbo la Kachin, ina miaka milioni 99 hivi. Ni ya wakati wa dinosauri. Ndani mna nzi wa familia ambazo hazipo tena, kama Zhangsolvidae wenye mrija mrefu wa kunyonya majimaji ya mimea, na humo usitarajie nzi wa nyumbani: kundi lao lilikuja baadaye sana. Kwa mtaalamu ni hazina. Kwa anayeanza ni mtego, kwa sababu ufunguo wa nzi wa kisasa unakuongoza kwenye mlango ambao haupo. Utalazimisha nzi aingie kwenye familia asiyoijua. Nimeona ripoti za wanafunzi zenye kosa hilo na siwalaumu.

Tena kuna jambo la damu. Mwaka 2017 jeshi la Myanmar liliingia kwenye eneo la migodi ile, watu wakahama, na mwaka 2020 chama cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliwaomba wahariri wa majarida wasipokee tafiti za vielelezo vilivyotoka huko tangu mapigano hayo. Halafu sheria ya nchi hairuhusu visukuku kutoka, ila vito vinatoka, na kaharabu hupita kwa jina la kito. Maoni yangu ni mafupi: usinunue. Picha zilizochapishwa zinatosha kujifunza.

Feki, na nzi wa chooni aliyewadanganya mabingwa

Ukiwa na pesa mkononi, utaletewa plastiki. Niliwahi kuuziwa "kaharabu ya Baltiki" na muuzaji mmoja mtandaoni: nzi mkubwa, katikati kabisa, mabawa yametandazwa sawasawa kama nembo ya shirika la ndege. Hapo ndipo ningeshtuka. Mdudu aliyenaswa na utomvu hupigana. Mguu mmoja unavutwa, bawa linapinda, povu linatoka. Aliyekaa kwa adabu amewekwa na mtu.

Lakini hata mabingwa huliwa. Katika mkusanyiko wa Loew ulionunuliwa na makumbusho ya historia asilia ya London mwaka 1922 kulikuwa na nzi ndani ya kaharabu ya Baltiki. Hennig alimchunguza, na mwaka 1966 akaandika kwamba ni Fannia scalaris, nzi wa vyoo wa siku hizi hizi, asiye na tofauti na aliye hai. Ikawa hoja: tazameni, spishi moja inaweza kudumu makumi ya mamilioni ya miaka. Mwaka 1993 Andrew Ross, mtaalamu wa visukuku, alikiweka kipande hicho chini ya hadubini, joto la taa likafanya ufa utokee kumzunguka nzi. Kumbe mtu wa karne ya 19 alikipasua kipande halisi, akachimba shimo, akamlaza nzi wa chooni, akakifunga na kukisugua. Kaharabu ilikuwa ya kweli. Nzi ndiye aliyekuwa feki. Kumbuka kisa hiki unapopima kaharabu kwa vipimo vya duka, kwa sababu vyote hupima jiwe tu.

Vipimo vyenyewe nitavipitia haraka. Maji ya chumvi iliyoyeyushwa hadi ikakataa: kaharabu huelea, kioo na plastiki nyingi huzama, lakini sandarusi nayo huelea, kwa hiyo hapo hujawatenganisha. Tone la asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, liweke pembeni mbali na mdudu kwa nusu dakika: sandarusi itanata, kaharabu ya kale itabaki kavu. Taa ya kuchunguzia noti bandia inafaa pia. Kaharabu huwaka rangi ya buluu au ya kijani-maziwa, plastiki nyingi hukaa kimya. Sindano ya moto achana nayo, inaacha jeraha. Jibu la uhakika hutoka kwenye mashine ya infraredi ya chuo, ambapo kaharabu ya Baltiki huchora bega lake maalumu kwenye grafu. Na ukiuziwa kaharabu ya kijani kibichi kama chupa ya soda, hiyo mara nyingi ni kopali iliyopikwa kwa shinikizo ili iwe ngumu.

Msasa, hadubini, au mashine kubwa

Hapa napo watu huchagua vibaya. Wanataka hadubini ya kukuza mara 400 kabla ya kuwa na msasa.

Anza na hadubini ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 40, taa ya pembeni, na msasa wa maji wa namba 800, 1200 na 2000. Sugua uso wa kipande uwe bapa sambamba na bawa. Nairudia sambamba, kwa sababu uso ulioinama hupindisha mishipa na kukufanya uone uma, yaani mshipa uliogawanyika, pasipo uma. Sugua kidogo, osha, tazama, sugua tena. Niliwahi kupotelewa na ncha ya bawa zima kwa kuzungumza na simu huku mkono unaendelea.

Kabla ya kusugua zaidi, jaribu hila hii: weka tone la gliserini juu ya kipande na kioo chembamba cha hadubini juu yake. Mikwaruzo yote hutoweka, kwa sababu mwanga hupita gliserini karibu kama unavyopita kaharabu. Ukikosa gliserini, maji ya sukari mazito yatakufaa, mradi uoshe baadaye, la sivyo sisimizi watakujulisha.

Hadubini ya kukuza mara 100 na zaidi inafaa pale tu ambapo umekipunguza kipande kikawa chembamba na mdudu yuko karibu na uso. Lenzi yake haina nafasi ya kushuka. Ni ya nywele, pingili na viungo vya uzazi. Skana ya miale ya eksirei inayotengeneza picha ya pande tatu huona kupitia ukungu wa Baltiki na kumzungusha nzi kwenye kompyuta, na ile ya Grenoble, Ufaransa, inayotumia mwanga wa sinkrotroni huona hata zaidi, ingawa miale hiyo inaweza kuitia kaharabu weusi. Usiwaze hayo kama unatafuta familia ya nzi tu. Ni ya spishi mpya, tena iliyokwama.

Wanaofanana, mezani

Chukua usubi anayeuma, Ceratopogonidae, na ndugu yake asiyeuma, Chironomidae, wale wanaopaa Ziwa Victoria kama moshi. Ndani ya utomvu wa aina zote nne hawa wawili watakusumbua kuliko wote. Usitazame ukubwa. Tazama mshipa wa M: wa usubi umegawanyika matawi mawili, wa asiyeuma ni mmoja mnyoofu. Bawa likiwa limefichwa, mtazame kwa nyuma juu ya kifua: Chironomidae kwa kawaida ana mfereji wa kati kwa urefu. Na mdomo, ukionekana, wa usubi ni kisu kifupi.

Jozi ya pili ni nzi wa uyoga. Sciaridae ana uma wa M wenye umbo la kengele, na macho yake yamekutana juu ya vipapasio kama daraja. Mycetophilidae hana daraja hilo, na sehemu ya kwanza ya mguu wake ni ndefu, utafikiri amevaa suruali iliyomzidi. Kwenye Baltiki wote wawili ni tele.

Wengine hawahitaji mwenza. Phoridae ana kibyongo, na bawa lake lina mishipa minene iliyosongamana mbele huku nyuma imebaki mistari michache hafifu. Ukimwona mara moja humsahau. Psychodidae, yule mwenye manyoya anayekaa ukutani bafuni kama nondo mdogo, ana bawa lenye ncha na mishipa mirefu inayokwenda sambamba. Cecidomyiidae ana bawa karibu tupu, mishipa mitatu minne tu, na vipapasio kama tasbihi yenye nywele. Dolichopodidae utamjua kwa rangi ikibaki, na isipobaki, kwa kishipa kiungio, kile kifupi kinachounganisha mishipa mirefu, kilichosogea karibu kabisa na shina la bawa.

Watu huniuliza mbung'o. Kwenye kaharabu usimtafute. Visukuku vyake vinavyojulikana zaidi vimetoka kwenye mawe ya Florissant, Colorado, vya miaka milioni 34 hivi, vikiwa vimebanwa kama ua ndani ya kitabu, na bawa lao lina ile chemba yenye umbo la shoka ambayo kila mwanafunzi wa mifugo anaijua. Afrika ndiko aliko leo, na Marekani ndiko zilikokutwa kumbukumbu zake maarufu.

Ningekuwa na pesa ya mwezi mmoja tu

Ningenunua vipande kumi vidogo vya sandarusi visivyosuguliwa, vya bei ya chini, nikajifunzie msasa humo na kuharibu vitatu bila uchungu. Saba vilivyobaki ningechora mabawa yake. Mwezi wa pili, kifurushi cha Baltiki kutoka kwa muuzaji anayekubali kutuma picha za pande mbili za kila kipande, asiyekubali namwacha. Dominika ningeisubiri nipate mradi. Anayetaka kuelezea spishi mpya afuate njia nyingine kabisa, aanze na makumbusho, kwa kuwa majarida mengi hukataa spishi ambayo kielelezo chake kimebaki droo ya mtu binafsi. Na kabla ya kuchimba sandarusi mwenyewe au kuivusha mpaka, uliza kwanza serikalini kibali kinachotakiwa.

Sasa hivi mezani pangu kuna kipande cha sandarusi cha ukubwa wa kokwa la tende. Ndani yake yuko mmoja mdogo, kiasi cha milimita moja na nusu, bawa la kulia limeinuka kama tanga la ngalawa. Naona R, naona C imeishia katikati ya ukingo. M inaingia nyuma ya povu dogo la hewa palepale ambapo ingegawanyika au isigawanyike. Msasa namba 2000 uko ndani ya maji. Simu nimeizima.